Kaza kwa Vidole Viwili

Katika mtaa wetu wote hakuna mtu anayeyajua magari kama mimi. Nimepanda ya kila rangi, nimetapika ndani ya mengi kati ya hayo, na mpaka leo sijui hata moja linawashwa upande gani. Kwa hiyo msiniletee maswali magumu. Haya nitakayowasimulia niliyaona nikiwa nimekaa juu ya tairi bovu nyuma ya nyumba yetu, na yale ambayo sikuyaona nilisimuliwa na mtoto asiyejua kunyamaza.

Nyuma ya nyumba yetu ndiko kwenye gereji ya mwanangu. Ni banda la mabati, lina sakafu ya saruji iliyojaa madoa, na ukuta mmoja wenye misumari ya kutundikia spana. Wateja humwita Fundi Taratibu. Akikuambia gari litakuwa tayari kesho, nawe ukaja kesho kutwa, mtapatana vizuri. Lakini gari likitoka kwake limetoka. Halirudi kama mke aliyeudhiwa.

Kila siku mjukuu wangu akitoka shule alivua sare, akanywa chai, akaenda bandani kwa mjomba wake. Aliosha bolti ndani ya kopo la dizeli, akazipanga kwa urefu, akafuta spana na kuzirudisha kwenye misumari yake. Alizijua zote kwa namba. Jua likianza kushuka ndipo nilipomwita aje kufanya hesabu zake za shule.

Mama yake mtoto huyo alikuwa binti yangu, dada yake fundi. Aliugua, akafariki muhula ulipokuwa karibu kuanza. Siku za msiba nyumba ilijaa watu, na kila aliyeingia alimshika mtoto bega akamwambia, "Jikaze." Jirani alimwambia jikaze. Mwalimu mkuu alimwambia jikaze. Mjomba wake alimwambia, "Jikaze, mwanangu." Nami nikamwambia hivyo hivyo, maana sikuwa na neno jingine mdomoni.

Basi mtoto akajikaza. Hakulia makaburini, hakulia nyumbani. Alikunywa chai ya moto bila kupuliza. Siku moja alivaa sweta ndani nje mpaka jioni, na wenzake walipomcheka alisema, "Sawa," akaendelea kuandika. Mnajua mguu ukiingia ganzi? Umeukalia muda mrefu, sasa unasimama, unaona kama si wako, ni wa jirani umeuazima. Yeye alikuwa hivyo mwili mzima. Mahali pekee alipokwenda bila kusukumwa ni bandani.

Naye mjomba wake alikuwa na sheria moja bandani humo. "Ukivunja kitu, niambie, tutakitengeneza. Ukinidanganya kazini, huingii tena." Haikuwa sheria ya kutishia watoto. Kulikuwa na fundi mmoja, mtu mzima mwenye ndevu zake, aliyedanganya kuhusu breki. Alifukuzwa siku ile ile, hata kofia aliisahau.

Sasa, siku ya Ijumaa lililetwa gari la Daktari wa Ng'ombe. Huyu ni mama mmoja mrefu, mnene, anavaa buti za mpira hata siku ya jua kali, na ana sauti ya kumwita fahali aliye ng'ambo ya bonde. Gari lake ni la otomatiki, yaani dereva habadilishi gia kwa mkono. Giaboksi hujibadilishia yenyewe kwa nguvu ya oili. Chini ya giaboksi hiyo kuna trei pana ya bati inayoshika oili, imefungwa kwa bolti ndogo ndogo pande zote. Kati ya trei na giaboksi hukaa gasketi, ukanda mwembamba wa mpira unaozuia kuvuja. Oili yenyewe ni nyekundu kama juisi. Msije mkainywa.

Fundi aliifungua trei ili abadilishe chujio lililo ndani. Mjukuu wangu alikwangua mabaki ya gasketi ya zamani, akaosha trei mpaka ikang'aa. Wakaweka gasketi mpya, wakaipandisha trei mahali pake. Hapo ndipo fundi alipogundua kwamba dumu la oili alilonalo si la aina inayotakiwa.

"Naenda dukani," alimwambia. "Zungusha bolti zote kwa vidole kwanza. Halafu chukua spana fupi, uishike kwa vidole viwili tu. Anza katikati, ruka upande wa pili, kama mtu anayefunga kamba za kiatu. Kidogo kidogo. Nitamalizia mwenyewe."

"Sawa," alisema mtoto.

Pale bandani alikuwapo pia rafiki yake wa darasani, amekuja kuazima rula. Sisi tunamwita Redio. Ni mtoto mwema, ila akimeza siri inamtokea puani. Yeye ndiye aliyenisimulia, bila mimi kumwuliza.

Mjukuu wangu alizungusha bolti kwa vidole, vizuri kabisa. Akachukua spana fupi, akazunguka mara moja. Kisha akaiweka chini, akaenda ukutani kuchukua spana ndefu.

"Mbona unachukua hilo dude?" aliuliza Redio, aliyekuwa amemshikia tochi.

"Ili isivuje."

"Lakini mjomba wako kasema spana fupi."

"Hiyo fupi sisikii kama imekaza."

"Basi labda imekaza."

"Sisikii," alisema tena. Akachomeka kipande cha bomba kwenye mpini wa spana ili urefu uzidi, akaning'inia kwa uzito wake wote. Bolti ikalia. Akahamia ya pili, ya tatu, akizifuata kwa mstari kama anayepalilia. Nami nikiwa huku kwenye tairi langu niliusikia ule mlio, nikajisemea, kazi inafanyika.

"We, angalia!" Redio akapiga kelele. "Imetoa ulimi!"

Kweli, gasketi ilikuwa imetokeza nje pembeni kama ulimi wa mbwa aliyechoka. Mjukuu wangu aliitazama kwa muda. Akachukua wembe, akaukata ule ulimi. Akapaka gundi nyeusi juu ya ukingo, akaifuta kwa kitambaa mpaka pakawa safi.

"Usiseme," alimwambia Redio.

"Mimi? Mimi ni kaburi!" akajibu Redio. Kaburi lenye spika.

Fundi aliporudi aliuliza, "Umekaza kwa spana ipi?"

"Fupi."

"Umeanza katikati?"

"Ndiyo."

Akachukua spana fupi akajaribu kila bolti. Hakuna iliyosogea hata unywele. Siku nyingine angejiuliza, vidole viwili vya mtoto vimepata wapi nguvu hizi? Lakini mwanangu naye siku zile kichwa chake hakikuwa mabegani. Alisema, "Safi," akamimina oili, kisha akatandika kipande cha boksi chini ya gari. Ndiyo desturi yake. Gari likilala juu ya boksi, asubuhi boksi litasema kama kuna kitu kinavuja.

Jumamosi asubuhi nilimwona mjukuu wangu akivuka uani kabla mtu mwingine hajaamka. Amekumbatia kitu kifuani, anaelekea kwenye shimo la taka. Nikadhani anafanya usafi. Nikafurahi hata, mzee mzima.

Fundi alipoinama kutazama, boksi lilikuwa kavu, jeupe. Bila shaka lilikuwa jeupe, lilikuwa limewekwa muda huo huo.

Daktari wa Ng'ombe aliingia na buti zake. "Haya, mnyama wangu amepona?" Akalipiga gari kibao cha ubavuni.

"Amepona, Daktari. Ila usimchape, ametoka kwenye operesheni," alisema mwanangu.

"Sina muda wa kumbembeleza. Napanda mlimani sasa hivi. Ndama wanaharisha kule, jana wamekufa wawili. Na njia yenyewe ni mawe matupu, simu haishiki. Nikikwama kule, wa kunisukuma ni mbuzi."

Walicheka. Gari lilisogezwa nyuma kidogo, likasimama karibu na lango la banda huku linanguruma, na wao wawili wakaendelea kuzungumza. Mjukuu wangu alikuwa amesimama pembeni. Nikamwona anapiga hatua moja, kisha amesimama wima, mguu mmoja mbele chini ya ubavu wa gari, kama askari wa gwaride.

"Mke mwenzangu," nilimwita, maana ndiyo utani wetu, "umesimama juu ya nini?"

"Juu ya sakafu, Bibi."

"Sakafu gani inatoa damu?"

Kulikuwa na utepe mwekundu unatoka chini ya ndala yake. Aliutazama. Hakushtuka, hakukunja hata uso. Tone jingine likaanguka mbele ya kidole gumba. Wale wawili hawakuwa wameona. Fundi alikuwa ameshanyoosha mkono kumpa Daktari ufunguo wa akiba alioachiwa Ijumaa.

Nilitaka kusema. Nikaubana mdomo wangu, jambo ambalo si rahisi, waulizeni majirani. Nilitaka aseme yeye.

Alitazama banda. Alitazama misumari na spana zake. Nilijua anachokipima: akisema, ameondoka humo. Asiposema, gari limeondoka na Daktari wa watu ndani yake.

"Mjomba," alisema, "usimpe ufunguo."

"Kwa nini?"

"Inavuja. Nilikaza kwa spana ndefu na bomba. Gasketi ilitoka nje, nikaikata na wembe, nikapaka gundi. Asubuhi nilibadilisha boksi."

Alisema yote kwa pumzi moja, kwa sauti iliyolala kama ubao. Fundi alizima gari.

"Na jana nilipokuuliza?"

"Nilikudanganya."

"Zungumza na mwenye gari," alisema mjomba wake. "Si na mimi."

Akamgeukia Daktari, akarudia yote tangu mwanzo, hakuruka hata wembe. Mama yule alivuta pumzi mpaka nikahofia vifungo vya koti lake.

"Unajua ungeniacha wapi?"

"Mlimani."

"Na oili ikiisha, giaboksi inakuwaje?"

"Inaungua."

"Na ndama?"

"Wangekufa."

"Mbona unasema kama unasoma bei za sokoni?"

Mtoto alifikiri. "Sijui," alisema. "Sisikii kitu."

Daktari akavua koti, akalitundika kwenye msumari wa spana, akavuta kigoda. "Fundi, mfungue mnyama. Nitasubiri. Lakini leo usiwe Taratibu."

Mjukuu wangu alikuwa ameanza kuondoka kuelekea nyumbani. Mjomba wake akamwita.

"Unakwenda wapi?"

"Ulisema anayekudanganya haingii tena."

"Nilisema. Ningeugundua uongo huo mwenyewe, au Daktari akaugundua mlimani, usingeingia. Umeutoa mwenyewe gari likiwa bado ndani ya lango. Mshahara wake ni huu: trei hii unaifunga wewe, bolti zote, mbele ya mwenye gari. Ingia."

Akaingia.

Gari lilipandishwa juu, oili ikamiminwa kwenye beseni safi, trei ikashuka. Fundi aliilaza kifudifudi juu ya meza akaweka rula ya chuma kwenye ukingo wake. Hata mimi nisiyejua kitu niliona. Kila palipo na tundu la bolti bati lilikuwa limebonyea, na kati ya tundu na tundu limeinuka. Mwanga ulipita chini ya rula kama unavyopita chini ya mlango.

"Unaona? Hapa ulipokaza sana pamebonyea, pale pembeni pakafunguka. Oili imepita hapo hapo."

"Nilifikiri ukikaza zaidi ndiyo haivuji."

"Kila mtu hufikiri hivyo. Trei haitaki nguvu. Inataka usawa."

Alimpa nyundo ndogo na kipande cha mti mgumu. Mtoto akaligonga bati polepole, tundu kwa tundu, akiweka rula, akigonga tena, mpaka mwanga ukakatika. Wakakwangua gundi yote, wakafuta uso wa giaboksi kwa kitambaa kikavu. Gasketi nyingine ikawekwa, kavu, bila gundi. Daktari alikuwa amesogeza kigoda karibu kabisa, anatazama kama anazalisha ng'ombe.

"Sasa vidole viwili," alisema fundi.

Mtoto alishika spana fupi. Akaanza katikati, akaruka upande wa pili, akarudi. Baada ya mzunguko mmoja akasimama.

"Nitajuaje kama inatosha?"

"Gasketi ikianza kukushikia, utasikia mkononi. Ni kitu kidogo sana. Ukiwa na haraka hukisikii."

"Mimi sisikii, Mjomba."

"Subiri. Usisukume. Sikiliza."

Akazunguka tena, taratibu zaidi. Akafika kwenye bolti ya kona, mkono ukatulia.

"Hii," alisema. "Hii imenishikia."

"Basi iache hapo."

Mtoto aliishusha spana. Kisha akasema, bila kumtazama mtu, "Lakini watu wote waliniambia nijikaze."

Mwanangu alichukua kitambaa akafuta mikono, na mikono ile ilikuwa safi tayari. Nilimwona anatafuta neno kama mtu anayetafuta nati iliyoanguka kwenye nyasi.

"Tuliiga tu," alisema mwishowe. "Tuliambiwa hivyo tulipofiwa na baba yetu, tukakuambia wewe. Hatukukuonyesha kiasi. Sikiliza, mwanangu. Bati likikazwa kupita kiasi linapinda, na likipinda linavuja pale usipopatazama. Mtu naye ni hivyo. Na tena, kuvuja si aibu. Hata trei yangu mimi imewahi kuvuja. Aibu ni kulifunika tone kwa mguu, maana unalificha tu macho ya watu, oili inaendelea kuisha. Ukivuja, sema. Kazini sema, na nyumbani sema."

"Sawa," alisema mtoto. Sawa ile ilikuwa nzito kidogo kuliko nyingine.

Akamaliza bolti zilizobaki. Mjomba wake akazikagua kwa spana ile ile fupi, safari hii kwa macho yaliyofunguka. Oili ikarudishwa, gari likawashwa, gia zikapitishwa zote, moja baada ya nyingine. Boksi jipya likatandikwa chini. Wakati wakisubiri giaboksi ipate moto nami nikaanza kumenya viazi vya mchana, maana fundi na mteja wakiwa na njaa hawapatani. Daktari alipiga magoti mwenyewe, akaweka shavu sakafuni, akachungulia boksi kwa muda mrefu.

"Kavu," alisema. "Kavu kama kiwele cha ng'ombe dume."

Akavaa koti, akapanda gari. Kisha akashuka tena. Akaja mpaka kwa mjukuu wangu, akamshika kidevu, akavuta kope ya chini kwa kidole gumba na kuchungulia, vile anavyowafanyia wagonjwa wake wenye pembe.

"Na wewe, hujambo?"

"Sijambo."

"Fundi, umesikia? Ng'ombe hawajui kusema sijambo. Ndiyo maana kazi yangu ni nyepesi." Akainama mpaka macho yao yakawa sawa. "Nakuuliza tena, binti. Hujambo?"

Mtoto alitazama mikono yake. Ilikuwa na oili mpaka kwenye viwiko.

"Nina jambo," alisema. "Mama hayupo."

Mjomba wake akamvuta, naye akaweka uso wake kwenye ovaroli lile chafu. Hakulia kwa kishindo. Alilia kidogo, akapumzika, akalia tena kidogo. Fundi alisimama tu, mkono wake kichwani mwa mtoto.

Daktari akanigeukia mimi.

"Na wewe, bibi? Wewe ndiye uliyemzaa huyo mama. Hujambo?"

"Mimi?" nikasema. "Mimi sijambo kabisa! Mzee kama mimi, nimezika wangapi? Nimeshazoea, mwanangu. Wewe nenda kwa ndama wako."

Mjukuu wangu akatoa uso kwenye ovaroli, macho mekundu, makamasi yanatiririka. Akanitazama usoni, kisha akanitazama mikononi.

"Bibi," alisema, "hicho kiazi umekimenya mpaka kimekwisha."